Ufizi wa Mama

Mama yangu alikuwa akicheka huku kiganja kimefunika mdomo. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni adabu ya wanawake, nikaiga. Nilipopelekwa shule ya bweni, wasichana wenzangu waliniuliza kwa nini nikicheka najiziba kama mtu anayepiga chafya. Niliwaambia kwetu milimani wanawake wote hucheka hivyo. Kisha likizo ilipofika nikawatazama wanawake wa kwetu mmoja mmoja, kanisani, shambani na njiani wakitoka kuteka maji. Walicheka mdomo wazi, wengine mpaka magego yakaonekana. Aliyejiziba alikuwa mama peke yake.

Huo ulikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya ile vita kubwa ya pili. Kwetu ni Chome, juu kabisa, karibu na msitu. Nilipomaliza mafunzo ya ualimu nilipangiwa kufundisha watoto wa darasa la kwanza katika shule ya misheni pale pale kwetu, nikarudi kuishi na wazazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na tabia ya kuuliza maswali ambayo baba alisema nimeipata bwenini, ingawa mama alidai nilizaliwa nayo.

Siku moja ya Jumamosi tulikuwa tumetoka kupalilia kahawa, mimi na mama, tukakaa ukingoni mwa mfereji kupumzika. Mama alimenya muwa, akakata vipande viwili, kimoja akanipa. Alinigeuzia mgongo kidogo, kama alivyozoea kila alipokula. Alipotupa kapi, lilianguka karibu na mguu wangu. Lilikuwa na wekundu.

"Mama, umejikata?"

"Wapi?"

"Kapi lako lina damu."

Alilifukia kwa unyayo. "Ni ufizi tu," akasema. "Siku zote uko hivyo."

"Tangu lini?"

Alifikiri. Akasema ulianza alipokuwa na mimba yangu. Asubuhi alikuwa akisukutua, maji yanatoka mekundu. Wanawake wenzake walimwambia mtoto anachukua damu yake, akizaliwa itakoma. Nilizaliwa, haikukoma. Wakamwambia basi kila mtoto huondoka na jino la mama yake, avumilie. Akavumilia mimi na wadogo zangu wanne. Tangu hapo hajagusa sehemu ile inayotoka damu, wala kwa mswaki wala kwa kidole, maana kidonda, alisema, huachwa kipone chenyewe.

"Na kimepona?"

Mama aliinua jembe tukarudi shambani.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, nilichukua kioo changu kidogo nikaketi mlangoni nikajitazama mdomo wangu kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama nyumba ya jirani. Nilikuwa nimezoea kutazama meno. Ufizi sikuwa nimewahi kuuangalia. Juu ulikuwa wa rangi ya waridi, umebana vizuri. Chini, nyuma ya meno ya mbele, ulikuwa umevimba na kung'aa. Nilipoubonyeza kwa ukucha ulitoa damu palepale. Kwa nyuma ya meno hayo niliona kitu cha rangi ya udongo, kigumu, kimeshika kama kuvu juu ya jiwe. Nilikikwaruza kwa ukucha, ukucha ukavunjika.

Nilishangaa sana. Niliishi na kitu hicho mdomoni na sikujua kipo.

Kuanzia hapo nikawa sina adabu. Nilimwomba baba afungue kinywa. Baba alikuwa mtu wa mswaki. Kila mara biashara ya kahawa ilipompeleka tambarare alirudi na fungu la vijiti vya msuaki, ule mti unaoota kwenye joto huko chini, na kila baada ya chakula alikaa akijisugua huku akizungumza na watu. Ufizi wake ulikuwa imara. Nilimtazama bibi, mama yake baba, ambaye meno yake ya mbele yalichongwa ujanani kwa desturi ya zamani, kabla misheni haijakataza. Meno yalikuwa mafupi na yenye ncha, lakini ufizi ulikuwa mzima. "Unatafuta nini humo, mjukuu wangu?" aliniuliza. "Sijui bado, bibi," nikamwambia, na ndivyo ilivyokuwa. Darasani niliwapanga watoto mstari wakafungua vinywa, nao walifurahi kuliko siku ya hesabu. Wengi wenye damu walikuwa wale waliosema hawapigi mswaki kwa sababu unauma.

Mama alikuwa wa mwisho, na alikataa.

Wiki chache baadaye jino lake moja la mbele, la chini, lilianza kucheza. Hakuweza kutafuna makande, akawa anakunywa uji tu. Mwenyewe ndiye aliyesema twende zahanati. Zahanati ilikuwa chumba kimoja, na mganga wake alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyefundishwa kufunga vidonda, kuchoma sindano na kung'oa meno. Watu walimheshimu, na koleo lake walilijua. Alimketisha mama kwenye kiti, akakigeuzia dirishani ili mwanga uingie kinywani, akamwomba afungue. Mama alinitazama mimi. Nikaelewa, nikatoka nje.

Mganga aliponiita ndani, mama alikuwa tayari ameshajifunika kanga mdomoni.

"Ya chini ya mbele yote sita yatoke," mganga akasema. "Na mawili ya juu. Mje Alhamisi."

"Haya," mama akasema haraka. Nilimjua mama yangu. Hakuwa mwoga wa maumivu. Alichotaka ni kumaliza.

Mimi nikauliza, "Samahani, mganga. Yameoza?"

"Hayajaoza. Yamelegea."

"Yamelegea kwa nini, kama hayajaoza?"

"Ufizi umeyaachia."

"Na ufizi umeyaachia kwa nini?"

Mama alinivuta nguo. Mganga alinitazama kwa muda, nikadhani atanifukuza. Kisha akaketi.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilifundishwa kung'oa. Kwa nini ufizi unaachia, sikufundishwa. Nimewahi kujiuliza, lakini watu wakija hapa wana maumivu, hakuna nafasi ya kujiuliza. Yupo Mhindi mmoja, bwana wa meno, anakuja Same kwa treni kutoka Tanga. Anakaa siku tatu, chumba cha nyuma cha duka la nguo, kisha anaendelea Moshi. Yeye anajua meno kuliko mimi. Kama mnaweza kungoja mwisho wa mwezi, nendeni kwake kwanza. Koleo langu halitakwenda popote."

Nimekutana na watu wengi wenye elimu tangu wakati ule. Wachache wangeweza kusema maneno yale mbele ya mgonjwa wao.

Kumshawishi mama kulikuwa kazi. "Nishuke mpaka Same nikapanuliwe kinywa na mwanamume nisiyemjua?" alisema. Baba alisema ni juu yake. Nilijaribu kumweleza habari za ufizi, hakusikiliza. Mwishowe nikamwambia kweli nyingine, kwamba ufizi wangu pia unatoka damu, na kwamba mimi nitakwenda, yeye anisindikize tu.

Alishtuka. "Wewe pia?"

Nilimwonyesha kwa kioo. Alitazama muda mrefu, mkono wake ukiwa umenishika kidevu, kama alivyofanya nilipokuwa mtoto na funza miguuni. "Ulianza hivi hivi wangu," akasema polepole. Asubuhi ya safari yeye ndiye aliyeniamsha.

Tulishuka kwa miguu mpaka barabara ya magari, hapo tukapata lori lililobeba ndizi. Kadiri tulivyoshuka joto lilipanda, mama akavua sweta, kisha akavua viatu. Same ilikuwa vumbi, ofisi chache za serikali, stesheni, maduka ya Wahindi na Waarabu, na upepo mkavu uliokuwa ukipeperusha kila kitu. Duka la nguo halikuwa gumu kupatikana. Mbele ya mlango wa nyuma watu kama kumi walikuwa wameketi kwenye benchi wameshika mashavu.

Bwana wa meno alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, koti jeupe limefuliwa hadi limekuwa jembamba. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kizuri kuliko changu nilichojifunza shuleni.

"Shikamoo, bwana," nikasema.

"Marahaba, binti. Nani mgonjwa?"

"Ni mimi," nikasema. Mama alikaa pembeni kwenye kreti, kanga mdomoni.

Alikuwa na kiti cha kukunja chenye pa kuegemeza kichwa, na kando yake mashine ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, yenye kamba zilizozungusha sindano ndefu. Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza ile ni ya nini. Akasema ni ya kutoboa meno yaliyooza ili yazibwe. Nikauliza kama naweza kuikanyaga. Alicheka akaniruhusu, nikakanyaga, kamba zikanguruma, na mama kule pembeni akasema kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, kwamba nimekuja kuaibisha ukoo.

Nilipoketi, mzee alinitazama kwa kioo chenye mpini, akaguna, akachukua kidude cha chuma chenye ncha iliyopinda. Alianza kukwaruza nyuma ya meno yangu ya chini. Sauti yake niliisikia ndani ya fuvu, kama mtu anayeparuza sufuria chumba cha pili. Iliuma, lakini si kama nilivyoogopa. Kitu kilikatika. Nikatema kwenye beseni damu na vipande vya rangi ya hudhurungi.

"Hivi ni nini?" nikauliza mara tu mdomo ulipokuwa huru. "Jino limevunjika?"

"Ni ugaga," akasema. "Ngoja." Aliita dukani, mwenye duka akaleta birika la chai lililo tupu. Bwana wa meno akalifunua akatuonyesha ndani. Lilikuwa limejaa ukoko mweupe, mgumu, unene wake kama ganda la yai.

"Maji ya hapa yana chumvi," akasema. "Ukiyachemsha kila siku, chumvi inashika birika. Mate yako nayo yana chumvi yake. Ukila, unabaki ukoga laini kwenye meno. Usipoutoa, chumvi ya mate inauingia, unakuwa jiwe. Jiwe linakaa penye mpaka wa jino na ufizi. Ufizi unauchukia uchafu huo, unavimba, unatoa damu. Mwenye ufizi anaogopa damu, anaacha kusugua pale. Uchafu unazidi, unashuka chini. Mwisho ufizi unakimbia, jino linabaki halina pa kushika."

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama. Alikuja mpaka kwenye beseni, akaingiza vidole, akatoa kipande kimoja. Alikisugua kati ya vidole viwili. Kisha akakinusa.

"Hiki ndicho kinachonuka?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa yule mzee.

"Ndicho, mama. Hiki na kilichokaa chini yake."

"Si mimi?"

Mzee hakuelewa swali, au alijifanya hakuelewa. "Wewe, mama? Wewe ni mtu safi. Mtu mchafu hapandi lori kuja kunitafuta."

Mama akatoa kanga mdomoni. Aliikunja vizuri, mara mbili, akanipa nimshikie, akaketi kwenye kile kiti nilichotoka, akafungua kinywa. Safari hii hakunitoa nje. Mzee alinipa kioo kikubwa nielekeze mwanga wa dirisha, nami nikaona. Ufizi ulikuwa wa zambarau, umevimba mahali pengine na mahali pengine umerudi nyuma mpaka mizizi ya meno ilionekana, mirefu na ya njano. Ugaga ulikuwa umeyaunganisha meno ya chini kama ukuta mmoja. Miaka kumi na tisa. Nilihesabu umri wangu mwenyewe mle ndani, nikaona aibu, ingawa sikujua aibu ya nini.

Mzee alitikisa jino moja moja kwa vidole. "Mawili haya siwezi kuyaokoa," akasema. "Manne yaliyobaki ya chini yanacheza, lakini yanaweza kushika. Ya juu nayaacha. Sitakuahidi. Nusu ya kazi ni yangu, nusu ni yako."

Alimchoma sindano ya ganzi, akayatoa yale mawili, nayo yalitoka kwa urahisi kama viazi kwenye udongo wa mvua. Kisha akakwaruza upande mmoja. Upande wa pili akaufanya kesho yake, baada ya sisi kulala kwa ndugu wa baba pale Same. Mama alishika mikono ya kiti, hakutoa sauti. Mwisho mzee alichukua kijiti cha msuaki, akakitafuna ncha mpaka ikawa nyuzi laini, akamwonyesha: si kusugua kwa nguvu kwenda na kurudi, bali kuanzia ufizini kuelekea kwenye ncha ya jino, taratibu, kila jino, mbele na nyuma. Kisha kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

"Na damu ikitoka niache?" mama akauliza, mdomo bado mzito wa ganzi.

"Damu ikitoka ndipo pale pale pa kusugua. Kwa upole, lakini usipahame."

Mama alimuuliza swali hilo mara tatu. Jambo alilolifanya kwa uangalifu miaka yote, la kuacha kidonda kipone, ndilo lililokuwa likimharibu. Kwenye lori alikaa pamba imejaa mdomoni, kisha akaitema akaniambia, "Kumbe nilikuwa nikiutunza ugonjwa."

Nyumbani alisugua meno kama alivyopalilia, bila kuruka mstari. Wiki ya kwanza ilikuwa damu tupu na baba akaingiwa na hofu. Wiki ya tatu alinijia jikoni akaniambia nitazame. Zambarau ilikuwa imepungua. Mwezi wa pili ufizi ulikuwa wa rangi ya waridi karibu kote, na yale manne, ukiyagusa, yalicheza kidogo tu. Bibi alisema sasa mtu anaweza kukaa karibu na mama kanisani. Aliyasema hayo mbele ya mama, maana bibi hakuwa na breki, na mama akacheka, mikono yake yote miwili ikiwa kwenye unga.

Mara ya tatu mzee alipokuja kwa treni tulirudi kwa ajili ya pengo. Mzee alimpa mama nta ya moto aing'ate, kisha akafungua kisanduku bapa chenye meno ya bandia yaliyopangwa kwa rangi, kuanzia meupe kama karatasi hadi ya njano ya mahindi. Nilidhani mama atachagua meupe. Aliyatazama kama anayechagua mbegu, akayaweka moja moja kando ya lake kwenye kioo, akachukua lenye umanjano kidogo.

"Hili linafanana nami," akasema. "Lile litaniita mwongo."

Meno yalitengenezwa Tanga, yakaja yamefungwa kwenye pamba. Siku ya kwanza alisema ni kama amebeba kijiko mdomoni, na sauti yake ilipiga mluzi kila penye s. Aliyavaa kanisani, akayavua kwa makande. Wanawake walikuja nyumbani kuyaona, naye aliyatoa akayaweka kiganjani, wakapiga kelele na kurudi nyuma, kisha wakasogea tena. Kabla hawajaondoka aliwafunua midomo mmoja mmoja mlangoni penye mwanga, akawaambia nani ana ugaga.

Mganga wa zahanati alishuka Same mwenyewe mwaka uliofuata, akakaa siku zote tatu nyuma ya kile kiti akitazama. Alirudi na vidude viwili vya kukwaruzia. Koleo aliendelea kulitumia, lakini sasa alianza kwa kukwaruza na kungoja.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Kati ya yale manne, moja lilitoka lenyewe miaka mitatu baadaye akila ndizi choma, na mama alihuzunika kuliko nilivyotegemea. Matatu alikaa nayo mpaka uzeeni. Nilipouliza kwa nini ugonjwa ulimwanzia kwenye mimba yangu, ilhali si kila mwanamke huupata akiwa na mimba, mzee wa meno alisema mimba huufanya ufizi uwe mwepesi kukasirika, lakini zaidi ya hapo hakujua.

Mimi niliifanya habari hiyo kuwa somo darasani. Kila asubuhi kabla ya kuimba, watoto walisimama nje na vijiti vyao wakisugua, na mimi nikipita nyuma yao. Asubuhi moja msichana mmoja mdogo, binti wa mfuga ng'ombe, alitoa kijiti mdomoni akaniuliza:

"Mwalimu, ng'ombe hapigi mswaki. Mbona ufizi wake hautoki damu?"

Nilimwambia sijui, nitauliza. Treni ilipokuja nilimuuliza mzee. Aliweka miwani yake sawa, akafikiri, akasema kwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kufungua kinywa cha ng'ombe, na kama mimi nitakifungua nimletee habari. Basi Jumamosi hiyo baba alinishikia ng'ombe wetu mwekundu pembe na pua, nami nikamwinua mdomo wa juu kwa vidole. Niliganda. Hakukuwa na jino hata moja la mbele pale juu, ufizi mtupu, mgumu kama kisigino.

"Baba! Hana meno!"

"Hakuna ng'ombe mwenye meno hapo," baba akasema, akijitahidi kumshika. "Hukujua?"

Nilikuwa nimemkatia majani ng'ombe huyo tangu akiwa ndama. Sikujua.